Makaravilakku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hija ya Sabarimala na taa yake

Kila ifikapo katikati ya Novemba, wanaofanya kazi Muscat, Dubai au Doha huwaona wenzao wa Kerala, India, wamebadilika. Ndevu zimeachwa, nguo ni nyeusi, shanga ziko shingoni, na wapo wanaotembea peku hadi mlangoni mwa ofisi. Ukiuliza unaambiwa, "Niko kwenye mfungo wa Ayyappan." Mwaka mmoja nami niliuliza. Mwaka uliofuata nikafunga siku 41 na kupanda mlima na mwenzangu wa kazini. Tangu hapo ndugu na jamaa wananiuliza maswali yale yale, kwa hiyo nimeyaweka yote mahali pamoja.

Makaravilakku ni nini?

Ni kilele cha hija ya hekalu la Ayyappan lililo Sabarimala, katika milima yenye misitu ya wilaya ya Pathanamthitta, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Msimu huanza katikati ya Novemba kwa kipindi kiitwacho Mandala, ambacho huisha Desemba 26 au 27. Hekalu hufungwa siku chache, hufunguliwa tena Desemba 30, na hija huendelea hadi karibu Januari 20. Siku kubwa ni Januari 14, miaka mingine 15, jua linapoingia katika buruji ya Makara, ile ambayo wanafalaki wa kwetu huiita Jadi. Jioni ya siku hiyo, baada ya sala ya machweo, taa huonekana ng'ambo ya bonde, juu ya mlima wa Ponnambalamedu. Huwaka na kufifia mara tatu.

"Vilakku" kwa Kimalayalam, lugha ya Kerala, ni taa. Shika neno hilo, maana litatufaa mbele.

Ndiyo Diwali ya Wahindu wa kwetu?

Hapana. Wahindu wengi wa Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala, hao ambao wazee wetu waliwaita Mabaniani, asili yao ni Gujarat na Kutch, na sikukuu yao kubwa ya taa ndiyo Diwali, mwezi wa Oktoba au Novemba. Ayyappan ni wa kusini: Kerala kwanza, kisha Tamil Nadu, Karnataka, Andhra Pradesh na Telangana. Mgujarati wa Mombasa anaweza kuishi umri wake wote bila kufika Sabarimala wala kuona amepungukiwa na kitu.

Ayyappan ni nani?

Ni mwana wa Shiva na Vishnu, miungu wawili wakuu wa Kihindu, na Vishnu hapa alikuwa amechukua umbo la mwanamke aitwaye Mohini. Ndiyo sababu huitwa Hariharaputra, mwana wa Hari (Vishnu) na Hara (Shiva). Kisa kinasema mfalme wa Pandalam, Rajasekhara, ambaye hakuwa na mtoto, alimkuta kando ya mto Pamba akiwa kichanga, ana kengele shingoni. Akampa jina Manikantha, yaani mwenye kengele shingoni, akamlea kama mwanawe.

Baadaye malkia akajifungua wake wa kumzaa. Waziri akamtia maneno, malkia akajilaza akijifanya mgonjwa, na tabibu akasema dawa yake ni maziwa ya chui milia. Kijana aliingia msituni akijua anatumwa kufa. Huko alimuua Mahishi, jini wa kike mwenye kichwa cha nyati, kisha akarudi mjini amempanda chui milia huku majike na watoto wao wakimfuata nyuma. Hakutaka ufalme. Alichagua kukaa mlimani, peke yake, katika tafakuri.

Mfungo wa siku 41 unakuwaje?

Huanza siku unapovishwa mala, ule mkufu wa shanga za rudraksha au za mti wa tulasi, jamaa ya mrehani wetu, wenye kidani cha Ayyappan. Kuanzia hapo huli nyama wala samaki, hunywi pombe, huvuti sigara, hunyoi, hukutani kimwili na mkeo, na hutoi neno la hasira. Unaoga maji baridi kabla ya mapambazuko na tena jioni, na wengi hulala chini juu ya mkeka. Nguo ni nyeusi au buluu. Mchana unakula, kwa hiyo usiufikirie kama Ramadhani.

Chakula na mkeka nilivizoea ndani ya wiki. Hasira ndiyo iliyonishinda. Siku ya kumi na kitu dereva mmoja alinichomekea barabarani, mdomo ukawa umeshafunguka, mkono ukagusa shanga. Nikanyamaza. Mwenzangu aliponiambia kwamba shanga zile huvaliwa kwa ajili ya dakika kama ile, nilimwelewa.

Kwa nini wote wanaitana "Swami"?

Kwa sababu ukishavaa mala, unaitwa kwa jina la yule unayemwendea. Mhasibu ni Swami, mvuvi ni Swami, hakimu ni Swami, hata mtoto wa miaka sita ni Swami. Mabinti wadogo na akina mama wazee huitwa Malikappuram. Anayekwenda kwa mara ya kwanza ni Kanni Swami, na mzoefu anayeongoza kundi ni Guru Swami, naye husikilizwa kama baba. Katika maandishi ya hekaluni yamo maneno ya Kisanskriti "Tat Tvam Asi", yaani "Wewe ndiye Yule". Wanayachukulia kwa dhati. Polisi akitaka kukusogeza kwenye foleni husema, "Swami, songa mbele."

Furushi wanalobeba kichwani lina nini?

Linaitwa irumudi. Ni mfuko wa kitambaa wenye pande mbili, wa mbele na wa nyuma. Upande wa mbele ni wa sadaka, na wa nyuma ni wa mahitaji yako ya njiani. Bila irumudi hupandi vidato 18 vya kuingilia hekaluni.

Moyo wa furushi ni nazi iliyojazwa samli, na namna inavyojazwa inastahili kusimuliwa. Nazi hukwanguliwa makumbi yote mpaka kifuu kinakuwa laini kama kibuyu. Jicho moja hutobolewa, maji yake yakamwagwa. Kisha Guru Swami akaishika yangu kwa mkono wa kushoto juu ya sinia, akaniwekea bakuli la samli mbele. Ilikuwa ya uvuguvugu, rangi ya asali changa. Nikaimimina kwa kijiko polepole, huku waliotuzunguka wakiita "Swamiye!" na wengine wakijibu "Sharanam Ayyappa!", yaani Bwana Ayyappa, nakimbilia kwako. Samli huingia kwa kigugumizi, maana hewa ya ndani hutafuta pa kutokea pale pale inapoingilia. Haijazwi kwa haraka. Ilipofika juu, jicho likazibwa kwa kizibo, nazi ikaingizwa kwenye mfuko pamoja na mchele, na furushi likawekwa juu ya kichwa changu.

Wanasema kifuu ni mwili na samli ni roho. Kule juu nazi hupasuliwa, samli humiminwa juu ya sanamu ya Ayyappan, na kipande cha kifuu kitupu hutupwa kwenye tanuru kubwa la moto liitwalo aazhi, lililo karibu na vidato. Moto ule husikika kabla hujauona, na harufu ya nazi inayoungua hukaa kwenye nguo hadi nyumbani.

Njia ni ndefu kiasi gani?

Wengi hushuka Pamba, mahali palipochukua jina la mto (halina uhusiano na pamba yetu ya shambani), wakaoga mtoni, kisha wakapanda kwa miguu karibu kilomita 5 kupitia mwinuko mkali wa Neelimala na Appachimedu. Wasiojiweza hubebwa kwa machela na wanaume wanne. Magari madogo mengi huachwa Nilakkal, kabla ya kufika Pamba, na mabasi ya serikali ya jimbo huwafikisha watu Pamba.

Njia ya kale huanzia Erumeli na kukata msitu kupitia mlima Karimala, makumi ya kilomita. Hapo uko ndani ya hifadhi ya chui milia ya Periyar, na tembo wapo kweli. Hakuna anayetembea usiku peke yake.

Ni kweli mahujaji wa Kihindu wanapita msikitini?

Kweli, na swali hili ndilo huwa nalijibu kwa furaha kuliko yote.

Katika visa vya Ayyappan yumo sahibu yake Mwislamu, Vavar. Wengine husimulia kuwa alikuwa baharia aliyefika kwa jahazi kutoka Uarabuni, akapigana na Ayyappan, asipatikane mshindi, wakawa marafiki. Mjini Erumeli msikiti wa Vavar unaelekeana na hekalu dogo la Sastha, jina jingine la Ayyappan. Mahujaji hujipaka rangi usoni, hushika majani na silaha za mbao, huingia uwanja wa msikiti wakauzunguka kwa heshima, kisha hucheza ngoma ya petta thullal kuelekea hekalu kubwa. Karibu Januari 11 huja makundi mawili ya jadi. Kundi la Ambalapuzha haliondoki mpaka mwewe aonekane angani. Kundi la Alangad husubiri nyota ionekane mchana, na halipiti msikitini, kwa imani kwamba Vavar ameshaondoka na kundi la kwanza.

Juu mlimani pia, hatua chache kutoka hekaluni, Vavar ana mahali pake na mhudumu wake Mwislamu. Tunu ya pale ni pilipili manga. Alinitilia punje chache kiganjani na nikazinusa pale pale, nikakumbuka duka la viungo la utotoni. Pwani ya Malabar na pwani yetu zimeunganishwa na pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi, na pilipili ile ilikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Sikujiona mgeni.

Kwa nini vidato 18?

Hesabu inayofundishwa zaidi ni hii: vitano vya kwanza ni milango mitano ya fahamu, vinane ni tamaa za moyo kama hasira, uchoyo na kiburi, vitatu ni tabia tatu za maumbile, na viwili vya mwisho ni elimu na ujinga. Elimu nayo unaikanyaga na kuiacha nyuma, nami bado nalitafakari hilo. Tangu 1985 vidato vimefunikwa kwa mchanganyiko wa madini matano, na huvunjwa nazi kabla ya kupanda. Siku za msongamano polisi hukunyanyua kwa makwapa, na unajikuta juu kabla hujamaliza kuhesabu.

Mbona kuna masanduku yanayobebwa kwa miguu?

Hayo ni mapambo matakatifu ya Ayyappan, Thiruvabharanam. Kwa mujibu wa kisa, baba mlezi alimtengenezea mwanawe vito ambavyo mwana hakuvivaa mjini. Vinatunzwa Pandalam. Siku mbili kabla ya sikukuu hutolewa katika masanduku, hubebwa kichwani na wanaume waliozoea kazi hiyo, na hufika Sabarimala jioni ya Makaravilakku yenyewe. Watu hutazama juu kumtafuta mwewe mwekundu mwenye kichwa cheupe anayezunguka angani juu ya msafara, kwani ndiye kipando cha Vishnu.

Sanamu huvishwa vito, milango hufungwa kwa muda, kisha hufunguliwa kwa ajili ya sala ya taa. Hapo ndipo macho yote hugeukia mashariki.

Taa ile huwashwa na nani? Au hujiwasha yenyewe?

Huwashwa na watu.

Kuna vitu viwili ambavyo huchanganywa. Makara Jyothi ni nyota inayochomoza mashariki jioni hiyo. Wengi huitaja kuwa Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Makaravilakku ni taa, na taa ina mwashaji. Kafuri huwashwa pale Ponnambalamedu na kuinuliwa mara tatu, kama ibada ya taa inavyofanywa mbele ya sanamu yoyote. Kwa miaka mingi mahujaji wengi waliamini ni nuru isiyoguswa na mkono wa mtu. Mwaka 2008 kuhani mkuu Kandararu Maheswararu alisema hadharani kwamba nyota ni nyota na taa huwashwa na binadamu. Mwaka 2011, baada ya Mahakama Kuu ya Kerala kuuliza, Bodi ya Devaswom ya Travancore, ambayo ndiyo inayosimamia hekalu, nayo ilikiri hivyo.

Ibada yenyewe ina wenyewe. Watu wa jamii ya Mala Araya, wakazi wa misitu ile, husema babu zao ndio waliokuwa wakiiwasha, na wamedai warudishiwe haki hiyo. Naona wana hoja nzito. Nuru ilipoitwa muujiza, mikono yao ilisahauliwa.

Kama ni hivyo, kwa nini watu bado wanalia wakiiona?

Nitasema nilichokiona. Ilikuwa yapata saa kumi na mbili na dakika arobaini. Msitu ulikuwa umeshakuwa mweusi, mbingu bado ina ubuluu kidogo. Mzee aliyekuwa mbele yangu, kutoka Tamil Nadu, alikuwa amemkalisha mjukuu mabegani. Nuru ilitokea ndogo, ndogo kuliko nilivyotarajia, mfano wa karabai kwenye ngalawa iliyo mbali usiku. Ikazima. Mlima mzima ukaita kwa sauti moja. Ikatokea tena, ikazima. Mara ya tatu mzee alishindwa kuita. Alikuwa ameshika miguu ya mtoto kwa mikono miwili, machozi yakimchuruzika hadi kwenye ndevu.

Baadaye, tukishuka, nilimuuliza kama anajua ni watu wanaowasha. Alinitazama kwa upole akasema, "Swami, na taa ya nyumbani kwangu huwashwa na mke wangu. Je, si takatifu?"

Ni salama kwenda siku hiyo?

Ni lazima niseme wazi. Januari 14, 1999, zaidi ya watu 50 walikufa Pamba. Januari 14, 2011, zaidi ya watu 100 walikufa katika mkanyagano Pulmedu, njia ya msituni, umati ulipokuwa ukirudi baada ya kuiona taa. Mara zote mbili ilikuwa siku ya Makaravilakku. Waliokufa walikuwa mahujaji waliotimiza nadhiri na walikuwa njiani kurudi kwa watoto wao.

Tangu hapo utaratibu umekazwa, na nafasi ya kupanda huwekwa mapema kwa mtandao. Ushauri wangu ni huu: chagua mahali pa kutazamia mapema mchana, usikae ukingoni, na taa ikishazima, keti. Waache wenye haraka wapite. Kama unakwenda na mtoto au mzee, nenda siku nyingine ya msimu. Ayyappan ni yule yule, na hekalu hufunguliwa pia siku za mwanzo za kila mwezi wa Kimalayalam.

Wanawake wanaruhusiwa?

Desturi huwazuia wanawake wenye umri wa miaka 10 hadi 50, kwa maelezo kwamba Ayyappan wa Sabarimala ameapa useja. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya Kerala iliiunga mkono desturi hiyo. Septemba 28, 2018, Mahakama ya Juu ya India iliitangua kwa majaji wanne dhidi ya mmoja, na aliyepinga, Indu Malhotra, ndiye aliyekuwa mwanamke pekee katika jopo. Maandamano makubwa yakafuata. Januari 2019 wanawake wawili waliingia chini ya ulinzi wa polisi, na Novemba mwaka huo maswali ya msingi yakapelekwa mbele ya jopo kubwa zaidi. Wanaoumizwa na jambo hili wapo pande zote mbili, na nimewasikia wote wakizungumza kwa imani ile ile.

Nasikia kuna mwanamke anayemsubiri Ayyappan. Ni nani?

Malikappurathamma, mwenye hekalu lake hatua chache tu kutoka la Ayyappan. Mahishi alipouawa, alitoka ndani yake binti mzuri aliyefunguliwa laana, akamwomba Ayyappan amwoe. Akajibiwa: nitakuoa mwaka ambao hatakuja hata Kanni Swami mmoja. Kila anayekwenda mara ya kwanza hubeba mshale mdogo wa mti na kuuchomeka mahali paitwapo Saramkuthi. Baada ya Makaravilakku bibi hutolewa kwa maandamano, ngoma na mienge, hadi Saramkuthi, akatazame. Hukuta mishale imejaa. Maandamano ya kurudi ni ya kimya, ngoma hazipigwi.

Mmoja wa mishale ile ulikuwa wangu. Nilipokisikia kisa hiki vizuri, nilirudi hekaluni kwake, nikaviringisha nazi kuuzunguka ukuta wake na kumwagia manjano, kama wafanyavyo wote.

Asiye Mhindu anaweza kwenda?

Ndiyo. Hekalu liko wazi kwa watu wa dini zote. Ukitaka kupitia vidato 18, funga na ubebe irumudi kama wengine.

Nikitoka Afrika Mashariki nahitaji nini?

Viza ya India, na ukitokea Kenya, Uganda au Kongo, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Usikiache nyumbani, utawekwa karantini. Ndege hutua Kochi, treni hufika Chengannur, kisha basi. Msituni plastiki hairuhusiwi.

Watu hurudi na nini?

Na aravana: wali uliopikwa kwa sukari guru na samli hadi ukawa mweusi na mzito kama halua, ukafungwa kwenye makopo. Pia appam, vitumbua vitamu vya mchele. Na samli kidogo iliyogusa sanamu, ambayo kila mtu nyumbani huonjeshwa.

Mala huvuliwa lini?

Ukifika nyumbani. Huvuliwa na Guru Swami au mama yako mbele ya taa. Lakini wapo wengi ambao kabla ya kufika kwao hupitia kanisa la Mtakatifu Andrea, Arthunkal, ufukweni mwa wilaya ya Alappuzha. Mapokeo yao yanasema padri mzungu wa zamani wa pale alikuwa rafiki wa Ayyappan. Huoga baharini au katika bwawa la kanisa, kisha huvua mala. Sisi tulifika alasiri, maji yamekupwa. Mwenzangu alinivua zangu, akazisuuza kwa maji ya bahari, akanifungia kwenye leso yake.